Pipa la Igombe: hewa ukaa ilipokwisha, methani nayo ikagoma

Kikundi kimoja cha wafugaji na wachakataji samaki huko Igombe, Ilemela, kina mtambo wa biogesi wa kuba, ule unaojengwa chini ya ardhi. Unalishwa samadi ya ng'ombe na nguruwe, na siku mwalo, yaani mahali samaki wanaposhushwa, ukijaa unaongezewa matumbo ya sangara. Mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, hayaingii humo, hayo yana wenyewe, na mapanki, mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, nayo yana wateja wake. Yanayoingia ni matumbo tu, ambayo yasingekuwa mtambo yangeozea ufukweni. Kwa siku unatoa mita za ujazo 20 hivi za gesi. Wanapikia, wanachemshia chakula cha nguruwe, na inayozidi inavujia hewani. Hapo ndipo lilipotoka wazo la kuisafisha, kuishindilia kwenye mitungi na kuiuza kwa madereva wa bajaji.

Wazo lenyewe lina mashiko. Dar es Salaam kuna magari na bajaji zinazotembea kwa gesi asilia ya kusini. Mwanza bomba halijafika. Lakini methani, ile gesi inayowaka, ni methani: iliyotoka kwenye samadi ya Igombe na iliyotoka Songo Songo au Mnazi Bay ni molekuli ile ile, na injini haijui kuzitofautisha. Tatizo ni kile kinachoandamana nayo. Biogesi ya mtambo kama ule ina methani asilimia 60 hivi, na karibu yote inayobaki ni hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, pamoja na mvuke wa maji na haidrojeni salfaidi inayonuka kama yai viza. Ukiijaza kwenye mtungi jinsi ilivyo, sehemu mbili kati ya tano za nafasi unazipa kitu kisichowaka. Isitoshe, hewa ukaa na salfaidi zikikutana na unyevu zinakula chuma.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuitoa hewa ukaa na kuiachia iende zake. Ya pili ni kuilisha haidrojeni ili nayo igeuke methani, usipoteze kitu. Kijana fundi wa kikundi, mhitimu wa chuo, msomaji sana, alichagua ya pili. Alitengeneza jaribio lake kwenye pipa, likaanza vizuri, kisha likageuka. Niliitwa wakati kila mtu pale ana maelezo yake.

Nilipomwamkia mama mwenyekiti, aliitikia marahaba, hakunipa hata nafasi ya kukaa. "Mwanangu, hii hewa ukaa si ndiyo takataka? Tumeiondoa. Sasa mbona gesi yenyewe ndiyo inayopungua?"

Swali lake lina jibu la kisa chote. Ila kulifikia lazima tupite kwenye pipa.

Kilichokuwa kimekusudiwa

Hesabu ya kemia ni fupi. Molekuli nne za haidrojeni zikiungana na moja ya hewa ukaa, inapatikana methani moja na maji mawili. Mfaransa Paul Sabatier aliionyesha mwaka 1902 kwa kutumia nikeli kama kichocheo, na mwaka 1912 akapata Tuzo ya Nobeli ya kemia. Njia yake inataka joto la nyuzi mia kadhaa. Kuna viumbe wadogo wanaofanya kazi hiyo hiyo kwa joto la mwili wa ng'ombe, bila tanuri. Zamani walihesabiwa kuwa bakteria. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walionyesha kwamba ni ukoo wa peke yake, tunaowaita leo arkea. Wamo kwenye matope ya ziwa, wamo kwenye kuba la Igombe, na kila ng'ombe anayecheua pale zizini anao tumboni. Hakuna haja ya kuwanunua.

Kazi ngumu ni kuwafikishia haidrojeni. Wao wanaishi majini, na haidrojeni haipendi maji. Kwa nyuzi joto 25, lita moja ya maji chini ya haidrojeni tupu kwa mgandamizo wa usawa wa bahari inashika miligramu 1.6 tu. Hewa ukaa katika hali hiyo hiyo inafika gramu 1.5. Ukihesabu kwa molekuli, hewa ukaa inayeyuka zaidi ya mara 40 kuliko haidrojeni, ilhali arkea wanahitaji haidrojeni nne kwa kila hewa ukaa moja. Na sisi wa kanda ya ziwa tuna kikwazo cha nyongeza ambacho vitabu vya Ulaya havikitaji: ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa Mwanza ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na pwani. Povu la haidrojeni linalopanda kwenye pipa la Igombe linayeyuka kidogo kuliko ambavyo lingeyeyuka Tanga.

Ndiyo maana kijana alichagua utando, yaani ukuta mwembamba unaopitisha gesi. Badala ya kupuliza mapovu yanayopanda na kupasuka juu kabla hayajaliwa, haidrojeni inapitishwa ndani ya mirija yenye ukuta unaoruhusu gesi kupenya, na mirija yenyewe inalazwa ndani ya maji. Gesi inapenya taratibu bila povu. Arkea wanajijenga nje ya ukuta, tabaka la utelezi, na kuipokea haidrojeni pale pale inapochungulia. Kwa karatasi ni ufundi mzuri mno, na hata kwa vitendo unafanya kazi, ukiujengea mazingira yake.

Pipa la kijana lilikuwa hivi: la plastiki, lita 200, limesimama juani. Ndani, rola ya mrija wa silikoni wa mita 100, milimita 5 kwa nje na 3 kwa ndani, umezungushwa kwenye fremu ya mabomba ya plastiki. Mwanzo wa mrija unaingiza haidrojeni kutoka kwenye kifaa kidogo cha elektrolisisi, yaani cha kupasua maji kwa umeme, kinachoendeshwa na paneli za sola za pampu ya bustani, saa za mchana pampu inapopumzika. Mwisho wa mrija umezibwa kwa boliti iliyofungwa waya. Tope ni lile lile la kuba, na lishe ni ile ile, samadi na matumbo ya sangara. Alifanya jambo moja la busara sana, nalo ni kujaribu kwenye pipa na kuacha kuba lenyewe salama. Vingine vyote ninavyovieleza hapa vimegharimu pipa moja tu kwa sababu hiyo.

Kipimo kilichosema uongo

Mwanzoni moto uliongezeka nguvu, hilo wote walikubali. Kijana akapima kwa njia inayotumiwa na mafundi wengi: unavuta gesi kwenye sindano kubwa ya hospitali, unavuta na maji yaliyoyeyushwa kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, unatikisa. Kostiki inaimeza hewa ukaa. Kinachobaki kwenye sindano unakiita methani. Sindano yake ilionyesha kinachobaki ni asilimia 95. Furaha ikatanda, na habari ya bajaji ikaanza kuongelewa kwa bei.

Baadaye gesi ikaanza kupungua wingi. Ukifungua kifuniko, harufu kali inakuchoma macho, kama banda la kuku lililofungwa mvua nzima. Lakini sindano iliendelea kusema 95. Hapo ndipo walipogawanyika: wengine wakilaumu sola, wengine wakilaumu matumbo ya samaki, kijana mwenyewe akidhani mrija umetoboka.

Kipimo cha kostiki ni kizuri kwa biogesi ya kawaida. Ila ukishaingiza haidrojeni kwenye mfumo, kinakudanganya, kwa kuwa kostiki haiigusi haidrojeni kama isivyoigusa methani. Kile kilichobaki kwenye sindano kilikuwa methani pamoja na haidrojeni ambayo haikuliwa na mtu. Namna nyepesi ya kuzitenganisha bila maabara ni kupima joto. Lita moja ya methani inabeba joto la kilojuli 36 hivi, ya haidrojeni 11 hivi, kwa vipimo vya kawaida. Yaani chini ya theluthi.

Tukachukua sufuria moja, maji kiasi kile kile, jiko lile lile. Gesi tuliipima kwa ndoo iliyopinduliwa ndani ya maji, tukiangalia inashuka alama ngapi hadi sufuria ichemke. Kwanza biogesi mbichi ya kuba, kisha gesi ya pipa iliyoitwa asilimia 95. Zilitumika lita karibu sawa. Hakuna namna methani ya asilimia 95 ikapika sawa na biogesi ya asilimia 60. Hesabu inakubali jambo moja tu: karibu nusu ya gesi ya pipa ilikuwa haidrojeni. Arkea walikuwa wameacha kula.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu gesi hiyo ilikuwa ikihifadhiwa kwenye mipira ya ndani ya matairi, ndani ya stoo yenye dirisha dogo. Methani inashika moto ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 hewani. Haidrojeni inaanzia 4 na kwenda hadi 75. Inapenya mpira, haina harufu, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Mipira ilitolewa nje siku ile ile, chini ya mwembe, kabla hatujaendelea na jambo lingine. Yeyote anayefanya majaribio ya namna hii nyumbani, gesi ikae nje na viungo vyote vipakwe povu la sabuni kila asubuhi.

Kwa nini waligoma

Tope la kuba linakaa kwenye pH, yaani kipimo cha asidi kinachopanda asidi inapopungua, ya 7 na kitu. Kinacholishikilia hapo, kwa sehemu kubwa, ni hewa ukaa yenyewe. Ikiyeyuka kwenye maji inatoa asidi laini, na asidi hiyo inashindana na amonia inayotoka kwenye protini zinazooza. Hizi mbili zinavutana siku zote, na pale zinapofungana ndipo viumbe hao wadogo wanapofanya kazi kwa raha.

Sasa ingiza haidrojeni. Arkea wanaila pamoja na hewa ukaa, asidi inapungua, pH inapanda. Pipa la Igombe lilisoma 8.4. Kwa shamba la ng'ombe tupu, kupanda huko kungewachelewesha tu. Kwa shamba linalolisha matumbo ya sangara ni sumu. Matumbo ni protini, protini ni naitrojeni, na naitrojeni ikioza inakuwa amonia. Kwa pH ya 7.2 na joto la nyuzi 35, chini ya asilimia 2 tu ya amonia iliyomo majini inakuwa katika umbo huru, lile linalopenya ukuta wa seli na kuua. Iliyobaki ina chaji na haina madhara makubwa. Kwa pH ya 8.4, sehemu huru inapita asilimia 20. Amonia ya jumla haijaongezeka hata tone. Matumbo ni yale yale ya jana. Iliyobadilika ni sura yake, na ile harufu inayochoma macho ilikuwa ndiyo hiyo ikitoka.

Hili ndilo nililomwambia mama mwenyekiti: hewa ukaa mliyoiita takataka ndiyo iliyokuwa inaifunga amonia. Mmeiondoa karibu yote, amonia ikafunguka. Alinyamaza kidogo akasema, "Kwa hiyo tulimfukuza askari." Sikuona haja ya kuongeza neno.

Kuna na dhara la pili, la upande wa bakteria. Ndani ya tope, kabla ya arkea kuna kundi la bakteria wanaovunja mafuta na asidi kama propionati. Kazi yao inawezekana tu haidrojeni ikiwa kidogo sana kwenye maji, kwa sababu wao ndio wanaoitoa. Ukiwajazia haidrojeni kutoka nje, wanakwama, asidi hizo zinalundikana, na mnyororo wote unasimama. Sangara ana mafuta mengi. Kwa hiyo kumwaga haidrojeni kwenye chombo kile kile kinachomeng'enya matumbo ya samaki ni kuwapiga wote wawili kwa pamoja, bakteria na arkea.

Boliti nayo ilikuwa na lake. Silikoni inapitisha gesi pande zote mbili, na haipendelei haidrojeni. Hewa ukaa inaipenya karibu mara tano zaidi ya haidrojeni, na methani mara moja na nusu hivi. Mrija ukiwa umezibwa mwisho, gesi za nje zinaingia ndani, zinasukumwa hadi kwenye boliti, zinakaa huko pamoja na matone ya maji. Tulipoutoa mrija nje, sehemu ya mwanzo ilikuwa na utelezi wa kijivu, mzito, unaonyofoka kwa kucha kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Mita za mwisho zilikuwa safi kabisa, silikoni tupu inayong'aa. Hakuna kiumbe aliyejisumbua kukaa pale, maana hakukuwa na chakula. Kijana alifungua boliti, akasogeza kiberiti kwenye gesi iliyotoka, ikawaka mwali wa bluu unaoonekana waziwazi. Hiyo ilikuwa methani, ndani ya mrija uliopaswa kuwa na haidrojeni.

Hesabu ya ukubwa

Tuseme kasoro zote zimerekebishwa. Je, njia hii inafaa kwa kuba lote? Mita za ujazo 20 kwa siku zina hewa ukaa 8 hivi. Zinataka haidrojeni mita za ujazo 32, na zitatoa methani 8 za nyongeza.

Mrija wa rola moja, kwa unene wa ukuta wa milimita moja, unapitisha haidrojeni lita 50 hivi kwa siku kwa kila bar moja (karibu sawa na mgandamizo wa hewa usawa wa bahari) ya tofauti ya mgandamizo. Hizo ni lita 12 na nusu za methani, moto wa kuchemsha maji yasiyofika lita moja. Kwa mita 32 za ujazo utahitaji zaidi ya kilomita 60 za mrija. Mrija wa dukani ni wa kujifunzia tu.

Kazi halisi inataka nyuzi zenye tundu katikati, ukuta wake mwembamba kuliko karatasi. Ukuta wa silikoni wa sehemu ya ishirini ya milimita unapitisha mara ishirini zaidi, na eneo linalohitajika linashuka hadi mita za mraba 37 hivi. Anayetaka kuona mita za mraba zinavyokunjwa, aangalie kichujio cha mashine ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo: kinashikika kwa mkono mmoja, ndani kina maelfu ya nyuzi, na eneo lake ni mita za mraba moja na nusu hadi mbili. Vyombo ishirini vya namna hiyo, kwa karatasi. Kiuhalisia tabaka la utelezi na maji yaliyotulia kuzunguka nyuzi yanapunguza kasi, kwa hiyo zidisha mara kadhaa.

Halafu kuna sharti la mtungi. Viwango vya mitungi ya chuma kikali ya gesi iliyoshindiliwa vinakomea asilimia 2 ya haidrojeni, kwa kuwa haidrojeni inaingia ndani ya chuma na kukifanya kiwe rahisi kupasuka. Asilimia 2 inaonekana ya kufikika, mpaka ukumbuke kwamba gesi inasinyaa inapogeuka: ujazo tano unakuwa mmoja. Kile kidogo kisicholiwa kinaonekana kikubwa mwishoni. Kwa biogesi ya Igombe, arkea wakila asilimia 95 ya haidrojeni, gesi itakayotoka bado ina haidrojeni zaidi ya asilimia 7. Ili ushuke hadi 2, lazima wale karibu asilimia 98.7. Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote ni kuipima haidrojeni kwa mkono mfupi, iwe pungufu ili arkea waimalize. Hewa ukaa ibaki asilimia chache kwenye gesi ya mwisho. Mtungi unaivumilia mradi gesi imekaushwa, na pH inabaki mahali pake.

Na umeme?

Hapa ndipo matumaini ya bajaji yalipopata mtihani mkubwa. Vifaa vya elektrolisisi vinatumia uniti 5 hivi kwa kila mita ya ujazo ya haidrojeni. Mita 32 ni uniti 160 kwa siku. Kwa Luku ya biashara ndogo, uniti ikiwa shilingi 356 hivi pamoja na kodi, hiyo ni karibu shilingi 57,000. Methani 8 za nyongeza zina joto sawa na lita 9 za petroli, shilingi 27,000 kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita. Unaweka 57,000 upate 27,000, na hujanunua nyuzi, hujanunua kifaa cha elektrolisisi, hujamlipa kijana.

Sola ya pampu ni ya bure mchana, kweli, lakini ziada yake pale ni uniti 10 hivi. Zinatoa haidrojeni mita 2, methani nusu mita, petroli nusu lita na kidogo. Uniti hizo hizo kumi zikiingia moja kwa moja kwenye jiko la presha la umeme zinapikia watu wengi maharage. Sijui kwa nini watu wanaliruka hili wanapozungumzia nishati safi. Umeme ukiwa mkononi na kazi ni kupika, kuuzungusha kupitia haidrojeni na arkea ni kuupoteza nusu njiani.

Wenzetu waliojenga mitambo mikubwa walianza na umeme kwanza. Kule Avedøre, Denmaki, mradi wa BioCat uliwasha kifaa cha megawati 1 mwaka 2016 kwenye kituo cha majitaka, katika nchi yenye upepo unaozidi mahitaji siku nyingine. Dietikon, Uswisi, mtambo wa megawati 2.5 ulifunguliwa mwaka 2022 ukitumia umeme wa kuchomea taka uliopo jirani na gesi ya majitaka iliyopo hapo hapo. Wao walikuwa na umeme usio na mnunuzi. Nasi tunaweza kufika huko: Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na usiku wa masika mahitaji ya gridi yanashuka sana. Ingekuwepo bei ya usiku kwa mitambo inayokubali kuzimwa saa za mahitaji makubwa, hesabu ya Mwanza ingebadilika kabisa. Na mahali pa kuanzia pasingekuwa zizi. Pangekuwa kiwanda cha bia, ambako hewa ukaa ya uchachushaji inatoka safi bila salfaidi wala amonia, au penye majitaka ya mji mzima.

Walichoamua

Kwa Igombe, nilipendekeza hewa ukaa itolewe kwa maji. Kwa nyuzi 25 inayeyuka mara 24 hivi kuliko methani. Ukipitisha biogesi kwenye mnara wenye maji yanayoshuka chini ya mgandamizo, maji yanaondoka nayo pamoja na sehemu kubwa ya salfaidi, methani inabaki. Maji yakiachiwa mgandamizo yanaitoa hewa ukaa na kurudi kazini. Ni teknolojia ya zamani, inayoeleweka na fundi wa pampu. Pesa kubwa itakwenda kwenye kompresa na ukaguzi wa mitungi, na kwa hilo sikuwaficha: bila mitungi iliyothibitishwa na idhini ya mamlaka, bajaji isijazwe hata moja.

Kijana alisononeka. Nilimwelewa, kwa sababu jaribio lake limefundisha mengi kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Akasema, "Kaka, pipa nalitupa?"

Pipa halikutupwa. Sasa ni chombo cha pili, kimetengwa na mmeng'enyo. Tope la samaki limetolewa. Ndani kuna maji ya samadi ya ng'ombe yaliyochujwa kwa kitambaa, yenye arkea wake na madini yao, maana bila nikeli, kobalti na chuma hawajengi vimeng'enya vyao. Gesi ya kuba inaingia kwa chini, ikishapita kwenye chujio la manyuzi ya chuma yenye kutu ya kukamata salfaidi. Haidrojeni inaingia kwa mrija ule ule, lakini boliti imeondolewa na badala yake kuna valvu ndogo inayofunguliwa kila mchana, nje, ili gesi zilizorudi na matone ya maji vitoke. Pipa limefunikwa magunia ya pumba, kwa sababu usiku wa Mwanza unapoza, na joto linalotoka kwenye mmenyuko wenyewe ni dogo kwa chombo cha lita 200. Kila methani inayozaliwa inaleta na maji yake, lita 1.6 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mara kwa mara anaongeza samadi iliyochujwa maji yasije yakawa mepesi mno.

Vipimo ni vitatu. Kostiki, kwa ajili ya hewa ukaa peke yake, na ikishuka chini ya asilimia 5 haidrojeni inafungwa. pH, isipite 8. Na sufuria, ambayo ndiyo inayosema ukweli kuhusu haidrojeni. Mama mwenyekiti ameidhinisha mnara wa maji na pampu yake. Kuhusu nyuzi, alimwambia kijana hela ipo ila haitatoka mpaka uniti ya umeme ishuke chini kabisa ya shilingi 168, kwa kuwa hapo ndipo gharama ya umeme peke yake inapolingana na petroli inayookolewa, na vifaa bado havijahesabiwa.